Haki za NBA kwa wachezaji walioko ng'ambo: Subira yenye heri au kifungo kisicho na mwisho?

USIKU wa Juni 26, 2014, vijana wawili wa Serbia waliokuwa wakichezea klabu moja, Mega Vizura ya Belgrade, waliteuliwa na timu za Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Marekani (NBA). Nikola Jokić alichukuliwa na Denver Nuggets akiwa wa 41. Vasilije Micić alichukuliwa na Philadelphia 76ers akiwa wa 52.

Wote wawili walisalia Ulaya baada ya uteuzi huo. Jokić alivuka bahari mwaka uliofuata na, kufikia Juni 2023, alikuwa ametawazwa Mchezaji Bora wa Msimu mara mbili na kuiongoza Denver kutwaa ubingwa wake wa kwanza. Micić hakukanyaga uwanja wa NBA hadi msimu ulioanza Oktoba 2023, miaka tisa baada ya jina lake kutajwa. Hata alipofika, hakuvalia jezi ya Philadelphia bali ya Oklahoma City Thunder.

Katika miaka hiyo tisa, Micić alichezea vilabu vya Ujerumani, Serbia, Lithuania na Uturuki. Akiwa na Anadolu Efes ya Istanbul, alitwaa ubingwa wa EuroLeague mara mbili mfululizo, 2021 na 2022, na kutangazwa mchezaji bora wa kinyang'anyiro hicho msimu wa 2020/2021. Muda huo wote hakupokea hata senti moja ya mshahara kutoka NBA. Hata hivyo, kati ya timu 30 za ligi hiyo, ni moja tu iliyokuwa na idhini ya kumsajili. Desemba 2020, Philadelphia ilihamisha idhini hiyo kwa Oklahoma City katika mabadilishano yaliyomhusisha mchezaji mkongwe Al Horford. Hivyo Micić akabadilishiwa mwajiri ambaye hakuwa amewahi kumfanyia kazi.

Kisa cha vijana hao wawili kinaonyesha pande mbili za kanuni ambayo imezua mjadala kwa miongo kadhaa: Je, ni haki timu ya mpira wa vikapu iendelee kumshikilia mchezaji iliyemteua ilhali anajipatia riziki yake katika ligi ya nchi nyingine? Na ikiwa ni haki, imshikilie kwa muda gani?

Kanuni inavyosema

Kila mwaka, mwezi Juni, timu za NBA huteua wachezaji chipukizi kwa zamu. Tangu 1989, shughuli hiyo imekuwa ya raundi mbili, na timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi ya kuchagua mapema. Lengo ni kusawazisha nguvu, ili vipaji vyote visikimbilie miji mikubwa yenye fedha na umaarufu.

Mchezaji asiye Mmarekani anaweza kujiandikisha kwa hiari kuanzia mwaka anaotimiza umri wa miaka 19. Asipofanya hivyo, jina lake huingizwa moja kwa moja katika mwaka anaotimiza miaka 22, awe ameomba au hakuomba. Hii ina maana kwamba kijana anayechezea klabu ya Athens au Madrid, ambaye hajawahi kuonyesha nia ya kuhamia Marekani, anaweza kuamka asubuhi na kupata kwamba timu fulani ya ng'ambo imekwisha kupewa haki ya kipekee ya kumsajili.

Kwa mchezaji anayetoka katika vyuo vikuu vya Marekani, haki hiyo huwa na kikomo kifupi. Timu isipoafikiana naye, na asipochezea klabu nyingine ya kulipwa, anaweza kurejea katika uteuzi wa mwaka unaofuata. Mambo ni tofauti kwa mchezaji aliye na mkataba nje ya NBA. Timu huendelea kumshikilia maadamu anacheza mpira wa kulipwa huko aliko.

Ipo njia ya kujinasua, lakini ni nyembamba. Mkataba wake unapokwisha, mchezaji anaweza kuiarifu timu kwamba yuko huru kusajiliwa. Hapo timu hulazimika kumpa ofa rasmi, la sivyo impoteze. Kwa aliyeteuliwa katika raundi ya pili, ofa hiyo inaweza kuwa ya mwaka mmoja tu, ya kima cha chini cha mshahara, na isiyo na dhamana kwamba hataachwa kabla ya msimu kuanza. Akiikataa, sharti akae mwaka mzima bila kucheza mpira wa kulipwa popote. Kwa mwanamichezo ambaye miaka yake ya nguvu ni michache, mwaka mmoja wa kukaa bure ni gharama ambayo wengi hawawezi kuimudu.

Asili ya mfumo huu

Kuna wakati ambapo hata wachezaji wa Marekani wenyewe walifungwa kwa namna hiyo. Aliyeteuliwa na timu alibaki kuwa wake hata akikataa kutia sahihi. Mwaka 1970, Oscar Robertson, aliyekuwa rais wa chama cha wachezaji, aliongoza kesi dhidi ya ligi. Maafikiano yaliyofikiwa 1976 yalilegeza minyororo hiyo, na miongoni mwa mengine yakampa mchezaji asiyeafikiana na timu yake nafasi ya kuteuliwa upya baada ya mwaka mmoja.

Enzi hiyo, wachezaji wa Ulaya hawakuwa katika hesabu za NBA. Walipoanza kuingia katika miaka ya themanini, milango mingi ilikuwa imefungwa na siasa. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Arvydas Sabonis wa Lithuania, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Atlanta Hawks walimteua 1985, lakini uteuzi huo ukabatilishwa kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 21. Portland Trail Blazers wakamchukua mwaka uliofuata katika raundi ya kwanza.

Sabonis alijiunga na Portland mwaka 1995. Alikuwa na umri wa miaka 30, na majeraha ya mguu yalikuwa yamempokonya wepesi uliowastaajabisha wengi alipokuwa kijana. Hata hivyo, katika msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa alama 14.5 kwa kila mchezo. Mnamo 2011 alitiwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo, huku mashabiki wakibaki kujiuliza angefanya makubwa gani lau angefika akiwa na miaka 22.

Ni kweli kwamba aliyemchelewesha Sabonis si Portland bali ni serikali ya Kisovieti na, baadaye, majeraha pamoja na mikataba yake nchini Uhispania. Lakini kisa chake kiliacha funzo moja kwa wakuu wa timu: haki ya kumsubiri mchezaji haigharimu chochote, na huenda ikazaa matunda hata baada ya miaka tisa.

Hoja za wanaoitetea

Watetezi wa kanuni hii wana ushahidi mzito. Toni Kukoč wa Croatia aliteuliwa na Chicago Bulls 1990 na kuwasili 1993. Alishiriki katika ubingwa wa timu hiyo wa 1996, 1997 na 1998. Manu Ginóbili wa Argentina aliteuliwa na San Antonio Spurs 1999 akiwa wa 57, karibu mkiani mwa orodha. Hakuitwa upesi. Aliachwa akomae nchini Italia, ambako alitwaa EuroLeague na Bologna mwaka 2001, kisha akawasili San Antonio 2002. Aliondoka akiwa na mataji manne.

Kwa mujibu wa hoja hii, bila haki ya kusubiri, hakuna timu ambayo ingethubutu kumteua kijana kama Ginóbili. Kikosi cha NBA kina nafasi 15 za mikataba ya kawaida, na kijana anayekalia benchi msimu mzima hudumaa. Afadhali acheze dakika 30 kila wiki katika ligi ya Uhispania kuliko kutazama wenzake Marekani. Timu hupata kipaji kilichoiva, mchezaji hupata uzoefu na klabu iliyomlea hufaidi huduma zake. Wahenga walisema subira huvuta heri.

Vilevile, watetezi husema kwamba kuiondoa haki hiyo kungevuruga usawa ambao uteuzi ulikusudiwa kuuleta. Iwapo mchezaji aliyeteuliwa na timu ndogo ya Minnesota au Memphis angekuwa huru kwa kukaa Ulaya misimu miwili, mawakala wangewashauri vijana wao kufanya hivyo hasa, kisha wajiunge na timu za Los Angeles au New York. Minnesota Timberwolves walimteua Ricky Rubio wa Uhispania akiwa wa tano mwaka 2009, na wakamsubiri hadi 2011. Lau haki ingekwisha kabla ya hapo, wangekuwa wamepoteza nafasi adimu kama hiyo bila fidia.

Isitoshe, kusubiri huweza kumfaidi mchezaji mwenyewe. Wanaoteuliwa katika raundi ya kwanza hufungwa na viwango maalumu vya mshahara vilivyoanza kutumika 1995. Lakini misimu mitatu ikipita kabla ya kutia sahihi, kifungo hicho huondoka. Bogdan Bogdanović wa Serbia aliteuliwa 2014 akiwa wa 27. Alipowasili Sacramento Kings 2017, alipata mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 27, fedha ambazo asingeziota kwa viwango vya kawaida vya nafasi hiyo.

Hoja za wanaoipinga

Wanaopinga hawakani kwamba wapo waliofaidika. Wanachohoji ni mizani ya mapatano yenyewe. Timu haimlipi mchezaji mshahara, haimtibu anapoumia, wala haina wajibu wa kumwahidi nafasi. Mchezaji, kwa upande wake, hufungiwa milango 29. Katika kazi nyingine yoyote, mwajiri anayetaka kumzuia mtu asiajiriwe kwingine hulazimika kumlipa.

Kinaya ni kwamba ni heri kutoteuliwa kabisa kuliko kuteuliwa mwishoni. Mchezaji ambaye hakuchaguliwa na yeyote huwa huru kujadiliana na timu zote. José Calderón na Luis Scola walicheza pamoja katika klabu ya Tau Cerámica ya mji wa Vitoria, Uhispania. Calderón hakuwa ameteuliwa, na mwaka 2005 alijiunga na Toronto Raptors. Scola, raia wa Argentina, alikuwa ameteuliwa na San Antonio 2002 akiwa miongoni mwa wa mwisho. Ada kubwa ya kuvunja mkataba wake ilikuwa kizuizi, na timu iliyomshikilia tayari ilikuwa na wachezaji wa kutosha katika nafasi yake. Hakucheza NBA hadi San Antonio walipouza haki yake kwa Houston Rockets mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 27.

Suala la ada linastahili kuelezwa. Kwa kuwa NBA na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Vikapu (FIBA) huheshimu mikataba ya kila upande, klabu ya Ulaya hulipwa ili imwachilie mchezaji mapema. Timu ya NBA huruhusiwa kuchangia kiasi maalumu tu bila kuathiri hesabu zake za kikomo cha mishahara. Kinachozidi hapo kwa kawaida humwangukia mchezaji mwenyewe. Basi kijana hujikuta amebanwa pande mbili: huku ada, kule timu moja tu ya kuzungumza nayo.

Lalama kubwa zaidi ni kwamba haki hizi zimegeuzwa sarafu. Kanuni za ligi hutaka kila upande katika mabadilishano utoe kitu chenye thamani. Timu isiyotaka kutoa mchezaji hutoa haki ya mtu aliye mbali, hata kama inajulikana kwamba hatakuja kamwe. Frédéric Weis wa Ufaransa aliteuliwa na New York Knicks 1999 akiwa wa 15, na hakucheza NBA hata siku moja. Mwaka 2008, haki yake ilitumiwa katika mabadilishano na Houston. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31.

Hapo ndipo msemo wa fimbo ya mbali haiui nyoka unapothibitika kuwa na ukweli nusu tu. Fimbo hiyo haimuui nyoka, lakini mwenyewe huweza kuiuza.

Waafrika katika njia hii

Mjadala huu si wa Wazungu peke yao. Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, aliteuliwa 2008 na Seattle SuperSonics akiwa wa 24, alipokuwa akicheza daraja la pili nchini Uhispania. Wiki chache baadaye timu hiyo ilihamia Oklahoma City. Ibaka alisalia Uhispania msimu mmoja na klabu ya Manresa, akawasili 2009, na baadaye akaibuka miongoni mwa wazuiaji hodari wa mashuti katika ligi. Alitwaa ubingwa na Toronto 2019.

Christian Eyenga wa Kinshasa aliteuliwa na Cleveland Cavaliers 2009 akiwa wa 30. Naye aliachwa Uhispania kwa msimu mmoja, lakini maisha yake NBA hayakudumu. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani, aliteuliwa wa saba mwaka 2011. Uhamisho wake uliandamwa na mvutano kuhusu ada ya klabu yake ya Uhispania, Fuenlabrada, kabla ya kujiunga na Charlotte.

Njia ya kijana wa Kiafrika kwa muda mrefu imepitia Ulaya, na hivyo kupitia kanuni hii. Tofauti ni kwamba nyota wa Real Madrid anaposubiri, husubiri akiwa na mshahara mnono. Kijana wa klabu ndogo ya daraja la pili, ambaye nyumbani anategemewa na jamaa wengi, hana anasa hiyo. Kwake, ngojangoja huumiza matumbo.

Hata hivyo, njia nyingine zinafunguka. Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Afrika (BAL), ambayo NBA na FIBA ziliizindua kwa pamoja, ilianza jijini Kigali Mei 2021. Mwaka 2024, Ulrich Chomche wa Cameroon, aliyelelewa katika akademia ya NBA iliyoko Senegal, aliteuliwa akiwa wa 57. Miaka ya awali, kijana wa aina hiyo huenda angesahauliwa ng'ambo. Toronto Raptors walimpa mkataba wa pande mbili, unaomruhusu mchezaji kuchezea timu ya NBA pamoja na ile ya ligi yake ndogo, huku akilipwa.

Mageuzi na mapendekezo

Mikataba ya pande mbili ilianza 2017. Katika mkataba wa pamoja baina ya wamiliki na chama cha wachezaji ulioanza kutekelezwa 2023, kila timu iliruhusiwa kuwa na wachezaji watatu wa aina hiyo. Aidha, timu zilipewa nafasi maalumu ya kuwasajili walioteuliwa raundi ya pili kwa mikataba ya miaka mitatu au minne, hata kama zimepita kikomo cha mishahara. Hatua hizo zimepunguza sababu za kumwacha mchezaji ng'ambo. Hazikuigusa haki yenyewe ya kumshikilia.

Pendekezo linalotajwa mara nyingi ni kuweka ukomo wa muda. Mfano upo karibu. Katika ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Canada (NHL), mapatano ya 2013 yalizipa timu miaka minne ya kuwasajili wachezaji wengi walioteuliwa kutoka Ulaya. Muda huo ulipokwisha, haki ilipotea. Ligi hiyo haikuporomoka.

Kwa NBA, miaka minne ingetosha kumsubiri Ginóbili, aliyetumia mitatu. Ingetosha kwa Kukoč, Rubio, Ibaka, Bogdanović na Jokić. Kati ya wachezaji waliotajwa hapa kuwa ushahidi wa manufaa ya kusubiri, ni Sabonis pekee ambaye angeponyoka, naye alizuiwa na dola wala si klabu. Kwa Micić, ukomo huo ungemfanya huru mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 24, badala ya kuwasili akikaribia 30.

Pendekezo la pili ni kuitoza gharama timu inayotaka kuendelea kusubiri. Baada ya muda fulani, imlipe mchezaji ada ya kila mwaka au imwachilie. Timu inayoamini kweli kwamba mchezaji atakuja haitasita kulipa, ilhali inayomweka tu ili kumtumia kama sarafu itamwacha aende. La tatu ni kukomesha uteuzi wa lazima kwa anayetimiza miaka 22, ili anayeingia katika mfumo huo awe ameingia kwa hiari.

Ugumu uko mahali pamoja. Kanuni hizi huafikiwa na wamiliki pamoja na chama cha wachezaji walio ndani ya ligi. Aliye Belgrade, Vitoria au Dakar si mwanachama na hana kura. Walioketi mezani hawapotezi chochote kwa kumwacha nje, na kila nafasi asiyoipata yeye hubaki kuwa ya mwanachama mmoja wao. Ndiyo maana, tangu maafikiano ya Robertson ya 1976 yalipoifungua pingu ya Mmarekani, ya mgeni imesalia karibu kama ilivyokuwa.

Micić hakukaa sana Oklahoma City. Februari 2024, alihamishwa hadi Charlotte Hornets, kabla hata ya msimu wake wa kwanza kukamilika. Wakati huo Jokić alikuwa bado Denver, timu ile ile iliyomteua usiku ule wa Juni na ambayo haikuchukua zaidi ya mwaka mmoja kumwita.